Wakfu Nilioupima kwa Kilo

Mwezi Julai, baridi ya Arusha inapokaza na Mlima Meru kujifunika mawingu siku nzima, kamati ya msikiti wetu hapa Ngarenaro iliniagiza mimi, katibu, nisafishe stoo ya madrasa. Chini ya mikeka mikuukuu nilikuta kifaa kilichojaa vumbi: kibodi pana yenye herufi za Kiarabu na za Kilatini, na juu yake tundu la kuchomekea kaseti. Kimeandikwa Sakhr AX-170.

Nilimwita muadhini wetu, mzee aliyeanza kuadhini hapa kabla mimi sijazaliwa. Alikishika kwa mikono miwili.

“Katibu, hii ni kompyuta. Aliileta mwaka 1995 ndugu yetu aliyekuwa akifanya kazi Maskati, akaiweka wakfu kwa watoto wa madrasa. Tuliiunganisha na televisheni, wakajifunza herufi. Aliyemaliza juzuu alipewa zamu ya kucheza gemu.” Kisha akauliza, “Na zile mbili ziko wapi, mwanangu?”

Jibu lilikuwa ndani ya daftari langu. Miaka miwili iliyopita niliviuza “vifaa vibovu vya umeme” kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo, na saini ni yangu. Sikuuliza ni vya nani, wala vililetwa kwa sharti gani. Nami ndiye niliyefundishwa chuoni kwamba sharti la mwenye kuweka wakfu huheshimiwa.

Usiku ule nilitafuta habari za mashine hiyo. Sakhr ilikuwa kampuni ya Kuwait, iliyoanzishwa mwaka 1982 na Mohammed Al-Sharekh. Mwaka 1983 ulitangazwa mfumo wa MSX, ulioziwezesha kompyuta za viwanda mbalimbali kutumia kaseti zilezile. Naye akaufanya mfumo huo uandike Kiarabu. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni yake ikatoa programu ya Qur’ani Tukufu. Iraq ilipoivamia Kuwait mwaka 1990, kazi ikahamia Kairo. Mwaka 2021 Al-Sharekh alitunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal kwa kuutumikia Uislamu, na mwaka 2024 akafariki dunia. Allah amrehemu.

Hapa kwetu, Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni mwaka 1974, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Basi msomaji apime mwenyewe thamani ya kompyuta tatu katika madrasa ya mtaani mwaka mmoja baadaye.

Kamati ilipokutana, nilieleza kosa langu kabla ya ajenda nyingine. Mzee mmoja akanituliza: “Fedha ziliingia katika mfuko wa msikiti, hukuiba.” Ni kweli, lakini amana haipotei kwa wizi peke yake, hupotea pia kwa kutouliza.

Ile iliyobaki sijaichomeka kwenye umeme, kwani mashine iliyolala miaka mingi yaweza kuungua mara moja, itangoja fundi. Nimeipiga picha mbele, nyuma na penye nambari zake, nikaandika ilikotoka, mwaka ilipofika na kazi iliyofanya. Picha na maelezo nimeyaweka kwenye intaneti, ili anayetafiti zana hizi ajue kwamba zilifika hadi chini ya Meru. Majina ya watu nimeyabakisha katika daftari la msikiti.

Ndugu msomaji, huenda juu ya kabati lako ipo kompyuta ya zamani, au mashine ya gemu mliyochezea utotoni na kaseti zake. Kabla hujaitupa, ipige picha, kisha waulize wazee ililetwa na nani na kwa nia gani. Wazee hao hawatakuwa nasi daima.

Zile mbili nazo nimeziandika. Mbele yake nimeweka maneno haya: “Ziliuzwa. Katibu hakuuliza.” Namwomba Allah anisamehe, na amwandikie aliyezitoa ujira wake kamili. Amin.