Ndege wa Bahari: Wageni na Amana



Wako wenye uwezo wanaopanda meli hadi visiwa vya mbali vya kusini ili kutazama pengwini na ndege wa baharini. Sisi wakazi wa Mtopanga hatuhitaji safari hiyo. Tukitoka baada ya Sala ya Alfajiri na kuishika barabara ya Malindi, tukapita Mtwapa na Kilifi, asubuhi hiyohiyo huwa tumefika hori ya Mida, karibu na Gede.

Hapo pana njia ya mbao iliyoinuliwa juu ya mikoko, inayofika kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada ya wageni imesaidia kulipa karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vya jirani. Maji yanapoanza kujaa, ndege waliotawanyika matopeni husogea karibu, na hata asiye na darubini huwaona.

Miongoni mwao yumo ndege mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huzaliana katika fukwe za Omani na Ghuba, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Kisha huja kwetu, kama walivyokuja wazee wetu kwa majahazi wakati wa kaskazi.

Nje ya mlango wa hori, ndani ya hifadhi ya bahari ya Watamu, kuna kisiwa kidogo cha mawe kiitwacho Whale Island. Wakati wa kusi, buabua hutaga humo juu ya mwamba mtupu, bila tundu la majani. Mashua ikikaribia, mama huruka. Yai hubaki juani, au huchukuliwa na kunguru. Na wako wanaoyaokota mayai hayo kuwa kitoweo.

Tuzingatie yaliyotokea kusini. Katika kisiwa cha Dassen, Afrika Kusini, mayai ya pengwini yaliokotwa kwa miaka mingi hadi yalipopigwa marufuku. Uhaba wa samaki nao ukaongeza dhiki, na mwaka 2024 pengwini wa Afrika alitangazwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka.

Dini yetu ilitangulia kutuonya. Amepokea Abu Dawud kwamba Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yake akaja akipapatika. Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza ni nani aliyemtia ndege huyo uchungu kwa wanawe, akaamuru warudishwe.

Basi, akina mama na akina baba, wapelekeni watoto Mida wakaone. Wafundisheni kwamba yai la buabua si mchezo wala si kitoweo, na kwamba nahodha mwema hukaa mbali na kisiwa wakati wa kutaga. Mtoto aliyejifunza kumhurumia ndege hatashindwa kumhurumia ndugu yake.

Wabillahi tawfiq.