Si Mgongo
Mwendeshaji bodaboda mmojawapo wa Karatina aligongwa na lori, nyonga ikavunjika. Mifupa iliunga, akarejea kazini. Kitandani mwili ukakataa kumtii. Mwaka mzima alimwambia daktari wa Nyeri kuwa mgongo ndio uliomsumbua. Angesema nini? Mitaani husemwa kwamba jogoo hapandi mtungi, watu wakacheka. Hata istilahi ya heshima, "upungufu wa nguvu za kiume", humhukumu mgonjwa: kana kwamba uanaume wote umepungua, ilhali kilichojeruhiwa ni neva na mishipa ya damu ipitayo nyongani. Lugha ina hatia hapa.

Mkewe ndiye aliyelitoboa. "Daktari, si mgongo," alisema. Mficha uchi hazai, nao walitamani mtoto wa pili.

Daktari hakucheka. Neva zilizochubuka, alieleza, huweza kupona polepole, pengine kwa mwaka au miwili. Vipo vidonge vya sildenafili, vilivyoidhinishwa Marekani mwaka 1998. Ni hatari kwa atumiaye dawa za moyo za jamii ya naitreti, na huhitaji neva zenye uhai kiasi. Zikikatika kabisa, ipo sindano ya kwenye uume wenyewe, ipo pampu ya kuvuta damu. Kifaa cha kupandikizwa kwa upasuaji huja mwisho. Mizizi iuzwayo stejini, ambayo alikwisha kuinunua mara tatu, haiungi neva.

Walichagua vidonge kwanza. Nje, mkewe alipanda nyuma ya pikipiki, akamshika kiunoni, wakaelekea Karatina.