Kisiwa Tulichokisoma Kinyumenyume

Sisi tuliozaliwa bara miaka ya hamsini na kuingia sekondari baada ya Azimio la Arusha tulikijua kisiwa cha Ukerewe kabla hata ya kukanyaga Mwanza mjini. Wenzangu wengi wamezeeka bila kufika huko, na wengine wameshatangulia mbele ya haki, lakini kila mmoja wao ungemtajia Namagondo angekujibu papo hapo kwamba ni kwao Rosa. Mimi nilikulia Mpwapwa, mkoani Dodoma, ambako kiangazi kikikaza maji ya kunywa yalifukuliwa kwenye mchanga wa makorongo. Ziwa Victoria nililijua kwenye ramani ya darasani tu. Aliyenivusha hadi ng'ambo ni Euphrase Kezilahabi.

Alizaliwa huko Namagondo mwaka 1944, na riwaya yake Rosa Mistika ilipotoka mwaka 1971 alikuwa kijana wa miaka 27. Kitabu kikapigwa marufuku shuleni. Tulikifunika kwa gazeti, tukakipitisha mkono kwa mkono mpaka kurasa zikaanza kuchomoka. Wakubwa walidhani tunakitafuta kwa ajili ya mambo ya chumbani. Hayo yalikuwamo, sikatai, lakini kilichotushika ni Zakaria, yule baba mlevi anayempiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana. Tulikuwa na akina Zakaria majumbani mwetu. Wasichana wa darasa letu walikijua kipigo kile mgongoni mwao, na ukimya wa Regina, mama yake Rosa, waliuona kila siku jikoni kwa mama zao. Hakuna mwalimu, padri wala kiongozi wa chama aliyekuwa ametuambia kwamba ukali wa aina ile hauleti adabu, unaleta maangamizi. Kijana wa Ukerewe ndiye aliyetuambia.

Kisha ikaja Kichwamaji mwaka 1974, na mwaka uliofuata Dunia Uwanja wa Fujo. Kazimoto wa Kichwamaji anatoka Chuo Kikuu akirudi nyumbani likizo, na kila anachokigusa kinamfia. Tumaini, katika riwaya ya pili, anapita katika fujo zote za dunia, na mwisho wake ni kitanzi, baada ya kuinua mkono dhidi ya serikali iliyokuja kumpokonya alichokijenga. Mtu wa Dodoma hakuhitaji kufafanuliwa habari hiyo. Operesheni Dodoma ilikuwa imetupitia mwaka 1971, na tuliona wazee wetu wakihamishwa kutoka kwenye maboma ya mababu. Redioni zilipigwa nyimbo za kusifu, nasi tuliziimba kwa moyo wa kweli, kwa kuwa tuliiamini nchi yetu. Lakini usiku tulimsoma Kezilahabi. Kizazi changu kilikua kikishika mambo yote mawili kwa pamoja, na naona ni heshima kwetu kwamba hatukuliacha hata moja.

Kuna jambo moja hata hivyo lililotupotea, na limenichukua muda mrefu kulitambua.

Kisiwani huko huko alikuwepo mtu mwingine aliyekuwa ameandika riwaya zamani, kabla ya Rosa kuzaliwa katika kichwa cha mtunzi wake. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa mwaka 1896, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na mkewe Bugonoka. Hapakuwa na mchapishaji wa kukitoa kitabu kikubwa vile katika lugha ya watu wachache vile. Miaka ikapita. Hatimaye mzee mwenyewe, akiwa na umri mkubwa, akaketi kukitafsiri kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikakitoa kwa juzuu mbili mwaka 1980. Mwaka uliofuata Kitereza alifariki. Kazi yake ilikuwa imengoja miaka 35.

Hesabu hiyo ndiyo inayoniuma. Kama kitabu kingetoka kwa wakati wake, sisi tungekutana na Myombekere kwanza, Zakaria baadaye. Badala yake tulikisoma kisiwa kinyumenyume. Tulianza na msiba, na karibu miaka kumi baadaye, tukiwa tumeshaoa na kuolewa na hatuna tena usiku wa kusomea, ndipo tukaletewa habari za aliyekufa enzi za uhai wake.

Na uhai ule ni mwingi! Wakwe wanamchukua binti yao kwa sababu ndoa haina mtoto. Myombekere ana sababu zote za kukasirika, na desturi inamruhusu kutafuta mke mwingine. Yeye anakwenda ukweni kumwomba mkewe. Anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na Kitereza anatupitisha katika kazi nzima ya kuitengeneza, kuanzia migomba hadi mitungi, bila haraka yoyote, kwa kuwa alijua kwamba mambo yale yanaondoka na kwamba akiruka hatua moja hakuna atakayeirudisha. Salamu anaziandika zote. Dawa, uvuvi, namna ya kumkaribisha mgeni na namna ya kumzika mtu, vyote vimo. Wako wanaolalamika kwamba kitabu ni kirefu. Mimi nakisoma taratibu na nasikitika kinapokwisha.

Sisemi kwamba kisiwa cha Kitereza kilikuwa pepo. Bugonoka anabeba lawama ya utasa kana kwamba tumbo ni lake peke yake, na kijana wa leo ana haki ya kukasirika akisoma hayo. Lakini nilipomaliza juzuu ya pili nilielewa kwamba Zakaria hakuwa mila. Zakaria alikuwa kilichobaki mila ilipokwisha kuvunjika, pombe imebaki na faini imeondoka, amri ya baba imebaki na wazee wa kumkanya baba hawapo. Hatukuyajua hayo tukiwa na miaka kumi na minane. Tulidhani wazee wote tangu mwanzo wa dunia walikuwa hivyo, na tukawadharau kwa jumla. Dharau hiyo tulikwenda nayo mjini tukaijengea nyumba, na wajukuu zetu wengi leo hawawezi kusalimia kwa lugha ya bibi zao.

Nilivuka kwenda Nansio, kisiwani Ukerewe, nikiwa nimeshastaafu. Niliona majabali makubwa yaliyopandana, migomba, michungwa, mihogo, dagaa walioanikwa, baiskeli zenye mizigo inayomshinda mwendeshaji. Niliuliza habari za vijiji vya Kagunguli na Bukindo kama mtu anayeuliza shamba la shangazi yake. Wenyeji walinipokea vizuri mno. Vijana niliozungumza nao walimjua Rosa kupitia muhtasari wa kujibia mitihani. Kitereza wengi hawakumjua, ingawa Gabriel Ruhumbika, naye mtoto wa Ukerewe na mwandishi wa Janga Sugu la Wazawa, alishakitafsiri kitabu chake kwa Kiingereza mwaka 2002, na wageni wanakisoma.

Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora, kilipinduka kikikaribia Ukara. Walikufa watu zaidi ya 220. Nilikuwa Dodoma, mamia ya kilomita kutoka ziwani, na nililia. Bugolora kwangu ni mahali penye watu. Ni kwao Tumaini, nimewasikia wakiongea, najua wanavyogombana na wanavyosalimiana. Yapo maafa mengi nchini humu niliyoyasikia redioni na kuendelea kula, Mungu anisamehe. Hilo sikuweza, kwa sababu waandishi wawili walikuwa wamenifanya jirani wa watu wale.

Walimu, acheni muhtasari. Wapeni watoto kitabu kizima, na mkipata nafasi muanze na Kitereza ndipo mje kwa Kezilahabi. Na ninyi wenye mzee nyumbani aliyeandika mambo ya kwenu kwenye daftari, kwa Kigogo, Kijita, Kihehe au lugha yoyote ile, lifungueni daftari hilo mwaka huu. Mkalisheni mtu alichape, alitafsiri kama hapana budi, na mzee akabidhiwe nakala yake mkononi angali hai.