Eti hawa walizaliwa na demokrasia!

Mniwie radhi kwa ukimya, zamu zilibana kweli mwezi huu. Leo niko mapumziko na nina deni la Baba Mdogo. Juzi kwenye simu aliniambia, "Mwanangu, huko kwa wenzetu kura ni kura, wamezaliwa nayo." Baba Mdogo, kwa heshima zote, hawa watu hawakuzaliwa nayo.

Mimi naishi Salisbury, kama mnavyojua. Nje kidogo ya mji kuna kilima kinaitwa Old Sarum. Ukipanda unakuta majani na mabaki ya ngome na kanisa la kale, basi. Watu walishahama zamani sana. Lakini mpaka mwaka 1832 kilima kile kilikuwa na wabunge wawili London! Wapiga kura wake wangeenea kwenye Hiace moja na viti vikabaki, na mwenye ardhi ndiye aliyejua nani atapita. Wakati huohuo Manchester, mji wa viwanda uliofurika watu, haukuwa na mbunge wake hata mmoja. Huko mashariki kuna Dunwich, sehemu kubwa ya mji imeliwa na bahari, nao ulikuwa na wawili. Sijui walikuwa wanawakilisha samaki.

Kura yenyewe haikuwa siri mpaka 1872. Unasimama mbele za watu unataja jina la mtu wako, na mwenye nyumba uliyopanga anakusikia. Hebu fikirieni.

Ila kinachoniuma mimi kama nesi ni mwaka 1918. Vita vya kwanza vinaelekea ukingoni, sheria mpya imetoka. Mwanaume aliyekuwa vitani anapiga kura hata akiwa na miaka 19. Mwanamke mpaka afike 30, tena awe na nyumba au mali kidogo, yeye au mumewe. Kwa hiyo nesi wa miaka 25 aliyemfunga vidonda yule kijana alibaki nje. Wanawake walisubiri mpaka 1928 ndipo wakawa sawa na wanaume.

Na hao hao ndio waliotupangia uchaguzi wa kwanza Tanganyika, 1958 na 1959, ile "kura tatu". Kila mpiga kura lazima achague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, kana kwamba tulikuwa idadi sawa. Tena kupiga kura ulihitaji kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au darasa la nane, au kazi ya cheo fulani. TANU walibishana sana Tabora, Januari 1958, waingie au wasusie. Nyerere akawashawishi waingie, wakashinda. Babu alipiga kura kwa sababu alikuwa mwalimu. Bibi hakupiga.

Sasa turudi leo. Julai 4, 2024 nilipiga kura hapa, uchaguzi mkuu kabisa, kwa pasipoti yangu ya Tanzania! Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anaruhusiwa. Mwenzangu wa wodini, Mpoland, amekaa hapa miaka kumi na tano, analipa kodi kama mimi, haruhusiwi kuchagua mbunge. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia muulize aliyetutawala.

Matokeo sasa. Labour walipata kama asilimia 34 ya kura, wakachukua viti 411 kati ya 650. Reform walipata kura zaidi ya milioni nne, viti vitano. Liberal Democrats kura milioni tatu na nusu, viti 72. Ni hesabu ya jimbo kwa jimbo, anayeongoza anabeba, kama tulivyorithi sisi. Reform siwapendi hata kidogo, wahamiaji kama sisi ndio wimbo wao, lakini hesabu hiyo haijanyooka.

Hata hivyo, usiku ule walioshindwa walikubali, na kesho yake mchana Waziri Mkuu alikuwa ameshatoka kwenye nyumba. Hilo nawapa, Baba Mdogo, lote kabisa. Oktoba 29, 2025 nilikuwa kazini, intaneti ya nyumbani imezimwa, ujumbe wangu kwa Mama umebaki tiki moja siku kadhaa. Tulio nje hatuna utaratibu wa kupiga kura tulipo. Ya Waingereza ninayo, ya kwetu sina.

Shangazi, nina ombi. Mkae na Bibi, mumrekodi kwenye simu anavyoikumbuka siku ile Babu alipotoka kwenda kupiga kura tatu, na yeye alibaki nyumbani akifikiria nini. Msichelewe, mnajua umri wake. Mnitumie nisikilize njiani, kesho naanza zamu za usiku.