Samaki Mmoja Aliyerudi

Sisi tunaoandika maneno haya ni waumini wa ushirika mdogo unaosali kwa Kiswahili katika mji wa Boise, jimbo la Idaho, Marekani. Wengi wetu tulizaliwa Uvira, Baraka na Fizi, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, tukaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma kabla ya kuletwa huku. Kwetu uvuvi si jambo geni. Tumekula ndagala na mukeke tangu utotoni. Baba zetu walitoka usiku usio na mbalamwezi, wakawasha taa juu ya maji ili ndagala wapande, na asubuhi mama zetu waliwangoja ufukweni na mabeseni. Kwa hiyo tulipofika katika mji uliopitiwa na mto katikati, hatukukawia kuuliza: huku wanavua nini?

Jibu la swali hilo limetufundisha jambo kuhusu imani, na tungependa kuwashirikisha ninyi ndugu zetu.

Samaki wanaosifiwa zaidi katika nchi hii ni samoni na ndugu yake aitwaye stilhedi. Samoni huzaliwa katika mto wa maji baridi na safi, mbali sana na bahari. Akiwa bado mdogo, wa urefu wa kiganja hivi, huteremka na mkondo mpaka Bahari ya Pasifiki. Huko hula na kukua kwa mwaka mmoja, miwili au zaidi. Kisha hugeuka na kupanda tena, dhidi ya mkondo, mpaka mahali alipozaliwa. Wataalamu wamethibitisha kwamba huutambua mto wake kwa harufu ya maji, harufu aliyoishika akiwa mdogo kabla hajaondoka. Akifika hutaga mayai yake, akafa. Stilhedi naye hushuka baharini na kurudi vivyo hivyo, ila yeye anaweza kutaga zaidi ya mara moja, ingawa wanaofanikiwa ni wachache.

Vijana wetu ndio waliotutangulia katika uvuvi huu. Wao hukata leseni na kibali cha stilhedi, na kabla ya kwenda mtoni hutazama mambo matatu: wingi wa maji, baridi yake na rangi yake. Mto ukijaa tope, samaki haoni chambo. Ukiwa mweupe kama kioo, hushtuka hata kwa kivuli cha mvuvi. Maji ya kijani kidogo, yanayopungua polepole baada ya kujaa, ndiyo yanayopendwa. Na maji yakiwa baridi sana samaki hutulia chini, mahali pasipo na kasi, hivyo chambo sharti kipite taratibu karibu na pua yake. Vijana hutazama pia hesabu ya samaki. Katika mabwawa makubwa ya mto Columbia na mto Snake zimejengwa ngazi za maji za kuwapandisha samaki, na huko samaki huhesabiwa wanapopita, na idadi hutangazwa kila siku. Mzee wetu mmoja alishangaa sana kusikia hivyo. Alisema kwao Baraka hakuna aliyejua idadi ya samaki wa ziwa isipokuwa Mungu.

Samaki wengi wanaovuliwa huku hawakuzaliwa mtoni bali katika vituo vya kuzalisha vifaranga. Kabla ya kuachiliwa, kila kifaranga wa kuvuliwa hukatwa pezi dogo la mgongoni, lile lililo karibu na mkia. Ukimvua stilhedi aliyekatwa pezi, unaweza kwenda naye nyumbani. Ukimvua mwenye pezi lake zima, huyo ni wa porini, nawe huna budi kumrudisha majini bila kumwumiza.

Hapa Boise kuna jambo jingine. Samoni na stilhedi walikuwa wakiufikia mto wetu zamani. Lakini katika bonde la Hells Canyon, kwenye mto Snake, yalijengwa mabwawa matatu kati ya miaka ya 1950 na 1960, la mwisho likakamilika mwaka 1967, na hayana njia ya kupandisha samaki. Tangu hapo stilhedi akifika chini ya ukuta wa mwisho, safari yake imekwisha. Hivyo katika miaka ambayo wamerudi wa kutosha, ifikapo Novemba, idara ya wanyamapori na samaki ya Idaho huwakamata baadhi yao hapo ukutani, huwapakia katika malori yenye matangi, na kuwaachilia katika mto Boise ili watu wa mji wawavue.

Vijana wetu waliwapa samaki hao jina la utani: samaki wakimbizi. Walisema, wameletwa kwa gari, hawakuuchagua mto, na karatasi zao zilikamilishwa na watu wengine. Tulicheka sote. Mzee wetu yule wa Baraka hakucheka. Aliuliza, "Hawa wakitaka kushuka tena, watafika baharini?" Kijana akamjibu, "Hapana, mzee. Kuta zimewazuia." Mzee akatikisa kichwa, akasema tuwavue kwa heshima.

Sasa tuseme habari iliyotufanya tuandike. Kwa miaka kadhaa ushirika wetu umekuwa na darasa la watoto siku ya Jumamosi. Wanafundishwa kusoma Biblia kwa Kiswahili, kuomba, na kuimba nyimbo za kwetu. Walimu ni mama wawili ambao hufanya kazi ya usiku, kisha huja darasani asubuhi bila kulala. Watoto wa kwanza wa darasa lile sasa ni watu wazima. Wengine wamehamia Iowa, Texas na Kentucky kutafuta kazi. Wengine wako hapa hapa mjini, lakini hatuwaoni kanisani. Wanaokuja bado tunaweza kuwahesabu kwa vidole.

Katika kikao kimoja cha wazee lililetwa pendekezo la kulifunga darasa. Hoja zilikuwa za kweli. Ukumbi unalipiwa kodi, mafuta ya gari yana gharama, na walimu wamechoka. Ndugu mmoja aliuliza kwa uchungu, "Tunamfundisha nani? Kila mwaka tunawaachilia watoto, na mto unawachukua." Wa kwanza kujibu alikuwa mmoja wa wale mama walimu. Sote tulijua kwamba mwanawe wa kwanza ni mmoja wa wasioonekana. Alisema, "Wangu hajarudi. Lakini mimi sijamaliza." Hakuongeza neno. Tuliahirisha uamuzi.

Mwezi wa Agosti tukawapeleka vijana na watoto wa darasa Stanley, safari ya saa tatu hivi kwa gari kupita milimani. Karibu na mji huo kuna kituo cha Sawtooth cha kuzalisha samaki, na karibu yake kuna ziwa liitwalo Redfish, yaani ziwa la samaki wekundu. Lilipewa jina hilo kwa sababu ya samoni aitwaye sokai, ambaye mwili wake hugeuka mwekundu anaporudi kutaga. Ziwa hilo liko juu ya mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na umbali wa kilomita 1,450 hivi kutoka Pasifiki kwa njia ya mto. Samaki anayelifikia amepita mabwawa makubwa manane.

Habari za sokai wa Redfish ziko wazi kwa kila anayetaka kuzijua. Zamani walirudi kwa maelfu. Mwaka 1990 hakurudi hata mmoja, na mwaka huo huo watu wa makabila ya Shoshone na Bannock, wenyeji wa nchi hii tangu kale, waliiomba serikali iwalinde samaki hao kisheria. Mwaka 1991 walirudi wanne, na wakaandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mwaka 1992 akarudi mmoja tu, tena dume. Watu walimpa jina la Larry Mpweke. Tangu mwaka 1991 hadi 1998, miaka minane, waliorudi jumla yao ni 16.

Hebu fikirini, ndugu, kikao cha watu waliopokea hesabu ya mwaka ule: samaki mmoja, na hana jike. Kama wangepiga hesabu kama tulivyopiga sisi katika kikao chetu, wangefunga milango. Lakini walimpokea yule mmoja, wakahifadhi mbegu yake kwa kuigandisha, wakaitumia kurutubisha mayai ya wengine waliolelewa katika kituo cha Eagle, karibu kabisa na mji wetu wa Boise. Wakaachilia vifaranga, wakangoja. Mwaka 2010 sokai zaidi ya 1,300 walirudi katika bonde lile.

Hatusemi kwamba kila kitu kimekwisha kuwa chema. Mwaka 2015 maji ya mito yalipata joto kupita kiasi, na sokai wengi mno wakafa njiani. Mpaka leo bado wako katika orodha ya walio hatarini. Kituo hakiondoi kuta wala hakipoozi maji. Na hata katika mwaka mzuri, wanaorudi ni wachache kuliko walioachiliwa. Lengo waliloliweka wasimamizi wa mito hii kwa samoni na stilhedi wa porini ni kwamba katika vifaranga 100 wanaoshuka kwenda baharini, warudi wawili hadi sita. Wawili! Huko kwetu ziwani, mvuvi hujua asubuhi kama usiku ulikuwa na baraka. Mfanyakazi wa kituo cha vifaranga humwachilia samaki leo, akangoja miaka miwili au mitatu, na hawezi kumfuata baharini kumlinda. Kazi yake yote iko kabla ya kumwachilia.

Jioni ile tuliketi kando ya ziwa tukaomba, na mengi yalitufungukia. Tulikuwa tumewahesabu watoto wetu kama mvuvi wa ndagala anavyohesabu asubuhi. Lakini harufu ya maji hushikwa utotoni, na hushikwa bila kelele. Mtoto anayejifunza kuomba katika lugha ya mama yake hajui kwamba amepewa kitu. Atakijua siku atakapokihitaji, labda mbali sana na sisi. Bwana wetu aliwaita wavuvi waliokesha usiku mzima bila kupata kitu, na hakuwaita kwa sababu ya hesabu yao ya asubuhi ile.

Tulijifunza pia kuhusu ngazi. Kama ukuta haujaondoka, angalau ijengwe njia ya kupita. Kikao kiliporudi kukaa, hatukulifunga darasa. Tulilihamishia Jumapili baada ya ibada, ili mama zetu wapate kulala Jumamosi. Kijana mmoja aliyesoma katika darasa lile akakubali kuwasaidia, na hufafanua kwa Kiingereza pale mtoto anapokwama. Pia tunawapigia simu wale waliohama, kila mwezi. Hatuwaulizi mbona hawasali. Tunawauliza habari zao, tunawaombea, basi.

Kuhusu mwana wa yule mama, tuseme lililo kweli. Bado hajaja kanisani. Lakini majuzi alimpigia mamaye simu akiuliza namna ya kupika ndagala, kwani aliwakuta dukani, na harufu yao ikamkumbusha nyumbani. Wakaongea saa nzima. Mwisho wa maongezi alimwomba mama amwombee, kisha akakata. Mama alitusimulia Jumapili wakati wa shuhuda, na machozi yalimtoka. Hatusemi kwamba huko ndiko kurudi. Tunasema tu kwamba kijana yule bado anaujua mto wake.

Kwa hiyo, ninyi mnaofundisha watoto na kuwaona wakienda, msihesabu upesi. Mpeni kila mtoto kilicho chema angali mdogo, mkamwachilie kwa maombi. Na akirudi mmoja tu, mpokeeni vizuri. Huenda Mungu akaanza na huyo.