Sikio Lililolala na Njaa



Mhariri wa gazeti la shule yetu ameniomba nami niandike machache juu ya masomo yangu katika nchi ya China. Najua wengi wangependa kusikia habari za Ukuta Mkuu na za treni ziendazo kasi. Habari hizo zimekwisha andikwa na watu wengi. Mimi nataka kueleza jambo dogo tu, jambo la kusikiliza, kwa kuwa jambo hilo dogo lilinitia aibu kubwa, na aibu hiyo ikanifundisha kuliko vitabu vingi.

Wahenga walisema, sikio halilali na njaa. Langu lililala, tena siku nyingi.

Nilifika mji wa Wuhan mwezi wa Septemba 2016. Mji huo uko katikati ya China, mahali mto Han unapoingia katika mto mkubwa wa Yangtze. Hapo ndipo lilipofunguliwa daraja la kwanza la kuuvuka mto huo, mwaka 1957, na tena ni mji wa vyuo vingi. Nilitakiwa kusoma Kichina mwaka mmoja, kisha ndipo niendelee na masomo ya uhandisi. Nilikuwa kijana mwenye majivuno kidogo. Kilugbara ni lugha ya mama yangu. Kiingereza nilikisoma hapa Uganda tangu utoto. Kiswahili nilikipata sokoni Arua na kwa marehemu baba yangu, aliyekuwa askari. Nikajiambia, mtu mwenye lugha tatu, ya nne itamshinda nini?

Karibu na bweni letu palikuwa na ziwa dogo. Asubuhi ya kwanza nilipotoka nje niliona wanafunzi wamesimama kando yake, kila mmoja peke yake, wameelekea miti, wakisema kwa sauti kuu. Nilidhani wanasali. Nilipokaribia nikasikia kwamba wanasoma Kiingereza. Baadaye niliona kuwa ni desturi kule: kabla ya vipindi, mwanafunzi hutafuta mahali pake nje akasoma kwa sauti, pasipo kumwonea mwenzake haya.

Lakini mmoja hakuwa akisoma. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, hedifoni kichwani, daftari magotini. Aliandika maneno mawili, akasimamisha sauti, akairudisha nyuma, akasikiliza tena. Nilimtazama nusu saa nzima, naye hakumaliza nusu ya ukurasa. Nikamhurumia, nikamsalimu kwa Kiingereza. Hivyo ndivyo tulivyoanza urafiki. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sikumwomba ruhusa. Alikuwa mdogo wangu kwa miaka minne, basi akaniita kaka kwa Kichina, nami nikamwita mdogo wangu.

Alikuwa mwaka wa tatu, akisomea ujenzi wa madaraja. Alitoka kijiji kimoja cha jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi, ambako wazazi wake ni wakulima. Kiingereza alikijua kwa macho. Ungempa kitabu angekisoma na kukufasiria vizuri kabisa. Ila masikio yake yalikuwa yamefungwa, na kwa sababu hiyo alikuwa ameshindwa mara mbili katika mtihani ambao wanafunzi wote wa China wanaujua.

Mtihani huo ni wa Kiingereza cha vyuo, ngazi ya 4. Ulianza mwaka 1987, na hufanywa mwezi wa Juni na mwezi wa Desemba. Alama zake zote ni 710. Aliyepata 425 ndiye aruhusiwaye kuendelea na ngazi ya 6, na waajiri wengi huuliza kama umeifikia alama hiyo. Vyuo vingine vimewahi kumnyima mtu shahada kwa ajili ya mtihani huo. Sehemu ya kusikiliza ina thamani ya asilimia 35. Wakati ule ilikuwa na habari 3 za redioni, mazungumzo 2 na hadithi au maelezo 3. Maswali 25 kwa dakika kama 25. Kila kitu husemwa mara moja tu. Kikipita, kimepita.

Tena kuna jambo lililonishangaza. Katika vyuo vingi sauti ya mtihani hurushwa kwa mawimbi ya redio ya chuo. Kila mwanafunzi huja na hedifoni yake yenye redio ndani, akatafuta mahali palipotajwa, akakaa kimya. Ukiingia chumbani hutasikia neno, ingawa watu wote wanasikiliza.

Nilijitolea kumsaidia. Nikachukua habari ya gazetini, nikamsomea kwa madaha, kama tulivyokuwa tukisoma mbele ya mwalimu. Alisikia robo tu. Akaniambia kwa adabu, “Kaka, wewe unayatamka maneno yote mpaka mwisho. Mtu wa mtihani anayameza.” Nilichukizwa kidogo, lakini alisema kweli. Katika Kichina silabi karibu zote huishia kwa irabu, au kwa n, au kwa sauti ya ng. Sisi nasi hatuko mbali naye: Waswahili walipopokea maneno ya Kiingereza waliyatia irabu mwishoni, wakasema shati, basi, blanketi, kilabu. Mwingereza hufanya kinyume. Hufunga neno, hulibana, hulishika na linalofuata, na ile alama ndogo ya wakati uliopita hupotea njiani. Kumi na tatu na thelathini katika Kiingereza chake karibu ni neno moja. Basi maneno ambayo mdogo wangu aliyajua kwa macho yalimpita sikioni kama watu waliojifunika blanketi.

Dawa yake ilikuwa imla. Alikuwa na rekodi za zamani za habari za Kiingereza cha polepole, zile ambazo redio ya Sauti ya Amerika ilizianzisha mwaka 1959 kwa maneno kama 1,500 tu. Alichukua dakika moja ya habari. Kwanza aliisikiliza yote bila kushika kalamu. Kisha alisikiliza sentensi moja moja na kuandika. Mahali asiposikia, aliacha pengo na kupiga mstari mtupu. Alirudia mara tano, hata mara kumi, akijaza mapengo aliyoweza. Mwisho alifungua maandishi ya habari ile na kujaza kwa wino mwekundu mapengo yaliyosalia. Kisha alisoma kwa sauti pamoja na msemaji, akimfuata nyuma kama kivuli, mpaka kinywa chake kimeze pale anapomeza yule. Dakika moja ilimchukua saa nzima.

Nilimwuliza kwa nini asibahatishe tu neno linalofaa akaendelea. Akasema, “Nikibahatisha, kesho sitajua ni wapi paliponishinda.”

Maneno hayo niliyasikia, lakini hayakuniingia. Tulifanya mapatano: kila jioni nusu saa ya Kiingereza kwa ajili yake, nusu saa ya Kichina kwa ajili yangu. Katika zamu yangu alisema nami Kichina tu. Hapo ndipo ubaya wangu ulipokuwa. Kila aliposema, nilitikisa kichwa na kujibu, “Nimefahamu.” Darasani pia, mwalimu akiuliza kama tumefahamu, mimi nilikuwa wa kwanza kuitika. Niliona haya, mtu mzima mwenye lugha tatu, kusema sikusikia. Nilidaka neno hapa na neno pale, na katikati nikajaza la kwangu. Na Kichina si lugha ya kujazia. Neno la kununua na neno la kuuza yana sauti zile zile, *mai* na *mai*. Tofauti ni kupanda na kushuka kwa sauti tu.

Mtihani wa Desemba 2016 ulikaribia. Wuhan huwa na baridi kali wakati huo, na mabwenini hapakuwa na moto wa kutuliza baridi. Tuliandika imla na glavu mkononi. Jioni ya kuamkia mtihani, mdogo wangu alisema anapumzisha masikio. Nikamwomba hedifoni yake nisikilize redio ya Kichina usiku ule. Akanipa kwa moyo mweupe, akasema jambo kwa Kichina, kwa kuwa ilikuwa zamu yangu. Nilisikia “kesho,” nikasikia “kununua,” nikasikia “betri.” Nikajaza la kwangu: kesho atanunua betri. Nikatikisa kichwa. “Nimefahamu.”

Usiku nililala na hedifoni masikioni, ikiwa inanguruma mpaka alfajiri. Asubuhi alipobisha mlango, niliizima upesi, nikampa. Aliniuliza tena neno moja kwa haraka, nami nikaitika tena, ndiyo, ndiyo. Akaenda mbio.

Saa sita mchana nilimkuta ziwani, juu ya jiwe lake. Hakuwa na daftari. Akaniambia polepole kwa Kiingereza, “Habari ya pili ilipoanza, sauti ilikwisha.” Alikuwa ameinua mkono, msimamizi akaja akaitazama ile hedifoni, lakini kilichosemwa kilikuwa kimekwisha semwa. Maswali yaliyobaki aliyajibu kwa kukisia.

Nilimweleza yote, kwamba nililala nayo bila kuizima, na kwamba nilidhani atanunua betri nyingine. Hakunitukana. Ningefarijika kama angenitukana. Alikaa kimya kitambo, kisha akatoa kalamu na karatasi katika mfuko wa koti, akaniwekea magotini. Akasema, “Andika.” Akairudia ile sentensi ya jana, kwa Kichina, kwa mwendo ule ule.

Niliandika. Kwa mara ya kwanza tangu kufika China, niliacha mapengo. Akarudia mara ya pili na ya tatu. Mara ya sita ndipo nilipoyajaza yote, na sentensi ilisema hivi: “Kesho asubuhi sitapata nafasi ya kununua betri, basi usisahau kuizima kabla ya kulala.” Na lile neno la asubuhi mlangoni lilikuwa hili: “Uliizima?”

Wasomaji wapenzi, nilililia pale ziwani, nami sioni haya kusema hivyo. Yeye alikuwa na masikio mabaya akajulisha watu ubaya wake; mimi nilikuwa na masikio mabaya nikaificha aibu yangu kwa kutikisa kichwa, na aliyelipa ni yeye.

Majibu yalitoka mwisho wa Februari 2017. Hakufika 425. Kwao Gansu waliambiwa kwa simu, naye hakunitaja.

Tangu siku ile nilibadili tabia. Darasani niliinua mkono na kusema, “Sikusikia, tafadhali rudia.” Siku za kwanza wenzangu waligeuka kunitazama. Baada ya wiki mbili nikaona kwamba kila ninapoomba kurudiwa, kuna watatu wengine wanaoshika kalamu upesi. Jioni nilifanya imla ya Kichina, dakika moja kila siku, na daftari langu likajaa wino mwekundu. Nikajaribu hata imla ya Kiingereza pamoja na mdogo wangu, na mimi, msomi wa Kiingereza, nikaacha mapengo humo pia. Alicheka sana, na kicheko hicho ndicho kilichoturudishia urafiki wetu kamili.

Mwezi wa Mei nilifanya mtihani wa Kichina wa ngazi ya 4, wenye maswali 45 ya kusikiliza, nikashinda, si kwa alama za kujivunia. Mwezi wa Juni yeye alirudi katika chumba cha mtihani. Betri nilizinunua mimi, mpya, na nyingine za akiba nikamtia mfukoni. Nilimsubiri nje katika jua. Alipotoka nilimwuliza kwa Kichina kama alisikia. Akajibu, “Si yote. Lakini najua ni wapi sikusikia.” Majibu ya mwezi wa Agosti yalimpa zaidi ya 425. Alinipigia simu kutoka kijijini kwao, na nyuma yake nilisikia watu wengi wakisema kwa pamoja. Sikufahamu hata neno, nami nikamwambia hivyo.

Nilirudi nyumbani mwaka 2019. Nanyi mnaosoma katika madarasa yale yale tuliyosoma sisi, najua namna mwalimu anavyouliza, “Mmefahamu?” na namna darasa zima linavyoitika. Nimeitika hivyo mimi mwenyewe miaka mingi, kwenye madawati hayo. Kwa wale wanaojifunza Kiswahili kwa shida, au Kiingereza, au Kifaransa, nawapa dawa niliyopewa bure. Chukueni dakika moja ya habari za redioni. Sikilizeni, andikeni, na pale msiposikia acheni pengo. Msilijaze kwa la kwenu. Pengo litawasubiri mpaka mrudi.



Mimi wenu,
Mwanafunzi wa zamani