Kanda la Usufi

Wahenga wetu walisema kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Maana yake inajulikana: mtu huuona mwepesi mzigo asioubeba yeye. Lakini msomaji akiitazama methali hii kwa jicho la msafiri, ataona kuwa ndani yake mna habari nyingine, nayo ni habari ya chombo chenyewe. Kanda ni mfuko mrefu wa ukili, mpana kitakoni na mwembamba mdomoni. Aliyeubuni alijua mambo mawili ambayo kila anayetaka kwenda nchi za watu kwa fedha kidogo hana budi kuyajua: kwamba chombo cha safari kisiwe na uzito wake chenyewe, na kwamba mdomo wake uwe mdogo, wa kufungwa kwa ugwe mmoja na kulindwa kwa mkono mmoja.

Nayaandika haya kwa sababu mwaka 2019 niliombwa na mpwa wangu, binti wa dada yangu anayekaa Tandika, wilaya ya Temeke, nimsaidie kuchagua begi. Mimi ni mtu wa Unguja niliyelowea Mwananyamala, Kinondoni, kwa miaka mingi. Na kwa kuwa kila mwaka navuka bahari kwenda na kurudi, nyumbani nadhaniwa kuwa bingwa wa mizigo. Binti huyo alikuwa ameweka akiba ya mshahara wake wa ualimu kwa miaka miwili. Alikusudia kwenda kwa treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, mwendo wa kilomita 1,860, kisha kwa mabasi hadi Livingstone ayaone maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, na kutoka huko ateremke hadi Johannesburg, arudi kwa ndege. Hakuwa anakwenda kusoma, wala kuolewa, wala kufanya biashara. Alikuwa anakwenda kuona. Jambo hilo peke yake lilitosha kuwapa majirani maneno ya mwezi mzima.

Pwani hii imejengwa kwa migongo na mabega ya watu. Katika karne ya 19 wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliteremka kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo kwa mwendo wa miezi, kila mmoja na mzigo wa kiasi cha kilo 30, na juu ya mzigo wa tajiri akaongeza mkeka wake wa kulalia na chungu chake cha kupikia. Ndipo ikatoka methali nyingine, mzigo mzito mpe Mnyamwezi, ambayo sisi tuliobaki pwani tumeitamka kwa urahisi mno, kana kwamba Mnyamwezi hakuwa na bega la kuuma. Furushi alilolibeba liliitwa mtumba. Leo neno hilo, kwa wingi wake, limekuwa jina la nguo na vitu vikuukuu viletwavyo na meli katika marobota. Na ni katika mitumba ya Tandika ndiko tulikokwenda kutafuta begi.

Muuzaji wa kwanza alitutolea shanta kubwa la lita 70, lenye vyuma mgongoni na mikanda isiyohesabika, akasema hilo ndilo wanalobeba Wazungu. Mpwa wangu alilitia mgongoni likiwa tupu, akacheka.

“Mjomba, hili limeshafika kilo tatu kabla sijatia hata kijiko.”

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Mashirika mengi ya ndege, Emirates na Ethiopian miongoni mwao, humruhusu abiria wa daraja la kawaida kuingia na begi la kilo 7 tu mkononi. Anayebeba begi la kilo tatu amekwisha kukodisha karibu nusu ya haki yake kwa begi lenyewe. Isitoshe, chombo kikubwa kina tabia moja mbaya: hakikubali kubaki kitupu. Mtu akiwa na lita 70, atazijaza lita 70, hata kwa vitu ambavyo nyumbani hakuvigusa mwaka mzima.

Tulitazama pia yale mabegi ya plastiki ya mirabamiraba, ambayo Dar es Salaam huitwa “shangazi kaja”. Jina lake ni zuri. Ukilisikia unamwona mama mtu mzima akishuka kwenye basi na maembe, karanga na kuku wa kienyeji. Afrika Magharibi begi hilohilo lilipata jina chungu, lililotokana na Waghana waliofukuzwa Nigeria mwaka 1983, wakaambiwa lazima waondoke, wakafungasha maisha yao humo. Ni jepesi kuliko mengine yote, na bei yake ni nafuu. Lakini halina mgongo: haliwezi kuvaliwa, na mwenye begi ambaye mikono yake miwili imeshikwa hana mkono wa kujilindia. Nalo likipasuka, hupasuka lote.

Mwishowe tulipata begi la nailoni la lita 35, halifiki kilo moja, mikanda yake mipana yenye sponji, mgongo wake laini. Rangi yake ilikuwa ya kijivu iliyochujuka, na hilo mpwa wangu alilipenda zaidi kuliko sifa zote nilizomtajia. Begi lisilong’aa halimwiti mtu. Tulipatana shilingi 15,000, tukalipeleka kwa fundi mmoja wa cherehani kando ya barabara, kwa kuwa zipu yake ilikuwa imelegea.

Yule fundi ndiye aliyenifundisha neno kubwa la safari ile. Alichukua kalamu ya wino, akaisukuma ncha yake kati ya meno ya zipu, na zipu ikaachia. Kisha akavishika vichwa viwili vya zipu, vikiwa bado vimeunganishwa kwa kufuli, akavipitisha huku na huku; meno yakashikana upya, na begi likawa kama halikuguswa na mtu. Kufuli ilikuwa palepale, imefungwa barabara, haijui lolote. Niliwahi kusoma kuwa hata zile kufuli zinazokubaliwa na wakaguzi wa viwanja vya ndege vya Marekani, michoro ya funguo zake za jumla ilisambaa kwenye intaneti mwaka 2015, mtu yeyote akaweza kuzitengeneza. Lakini kusoma si sawa na kuona kalamu ya shilingi mia tatu ikiishinda kufuli.

Fundi akashona kitanzi cha mkanda mgumu ubavuni mwa begi, ili vichwa vya zipu vifungwe hapo na visiweze kutembea. “Mimi simzuii mwizi asifungue,” alisema. “Ninachokufanyia ni kwamba akifungua, wewe ujue.”

Maneno hayo yalinikaa. Sisi tukisema begi salama, tunafikiria lile ambalo kitu hakiwezi kutolewa ndani yake. Hofu yetu ni kibaka mwenye wembe katika daladala ya Mbagala saa ya jioni, au wale wanaopita kwa pikipiki na kunyakua mkoba begani mwa mtu. Hofu hizo ni za kweli, nazo zina dawa yake: hati ya kusafiria na fedha zikae mwilini, si begini. Wazee wetu walilijua hilo. Mwanamume alitia kibindoni, mwanamke alifunga katika pindo la kanga, na begi likaachiwa vitu ambavyo mtu anaweza kuvipoteza na bado akafika nyumbani. Anayenyakuliwa begi na chombo kinachokwenda mbio, salama yake ni kuliachia. Wapo walioburuzwa kwa sababu hawakuweza kuachia, au mkanda haukuwaachia wao.

Lakini kuna hofu ya pili, nayo ni ya kutiwa kitu.

Usiku wa kuamkia safari, nyumba ya dada yangu ilijaa watu. Hiyo ndiyo ada yetu, na ni ada njema. Msafiri wa kwetu hasafiri peke yake. Huondoka na salamu za mtaa mzima, na pamoja na salamu huja vifurushi. Mmoja alileta kanga za dada yake aliyeolewa Lusaka. Mwingine alileta pilipili manga na mdalasini katika mfuko wa karatasi, maana mifuko ya plastiki ilikuwa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Mpwa wangu alivipokea kwa adabu, akavikunjua mbele ya wenyewe, akaeleza ni kipi kitaingia na kipi hakitaingia. Mizani ya dukani aliyoiazima ilikuwa ukutani, na kila aliyeiona alielewa.

Kisha akaja mzee mmoja, si wa mtaa ule, aliyefahamiana na jirani yetu. Alikuwa na kifurushi kidogo kilichoshonwa kwa uzi pande zote. Alisema ni kahawa na dawa za kienyeji za ndugu yake aliye Johannesburg. Mtu atakuja kukichukua stendi.

“Kichukue mwanangu. Hakina uzito hiki, wala hutakisikia.”

“Shikamoo baba,” alisema binti. “Naomba radhi. Kila ninachokichukua nakitia begini kwa mkono wangu, kikiwa wazi. Hata alivyonipa mama.”

“Kwani mimi mwizi?”

“Hasha, baba. Ila nitakapoulizwa mpakani kama begi hili ni langu, nitasema ni langu.”

Sebule yote ilinyamaza. Mzee akatazama kifurushi chake, akamtazama dada yangu kama anayengoja neno la mkubwa, kisha akasimama na kuondoka, kahawa yake ikapoa kikombeni. Huenda ndani mlikuwa na kahawa na dawa, kama alivyosema. Hatukujua, na hatutajua. Dada yangu alikaa kimya mpaka watu walipopungua, ndipo akasema kwa sauti ndogo, “Umemvunjia heshima mtu mzima nyumbani kwangu.”

Nilimwelewa dada, na namwelewa hadi leo. Ameishi mtaa ambao mtu hupeleka chakula kwa jirani bila ya kufunikwa maswali. Kumwambia mgeni afungue alichokileta ni kama kumwambia anawe mikono mara ya pili. Lakini nilikumbuka barua. Kuanzia mwaka 2013, padri mmoja wa Australia, John Wotherspoon, aliyewahudumia wafungwa Hong Kong, alisaidia kutangaza barua za Watanzania na Waafrika wengine waliofungwa huko kwa kubeba dawa za kulevya, nao wakiwasihi vijana wa nyumbani wasiifuate njia ile. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida, maskini. Na hapa kwetu sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa hizo inafika hadi kifungo cha maisha. Mbele ya afisa, hakuna utu wala ujirani unaopimwa kwenye mizani. Anayeulizwa kwanza ni yule aliyelivaa begi mgongoni. Kwa aliyekituma, ule mzigo ni kanda la usufi kweli. Methali niliyoisikia tangu utotoni kuwa ni onyo la kuwahurumia wenzetu, usiku ule niliisikia kuwa ni onyo kwa anayebeba.

Alfajiri begi lilipimwa: kilo sita na nusu. Mlikuwa na nguo za siku nne za kufua na kuvaa tena, viatu vya pili, dawa, daftari, manukato na mafuta katika vichupa visivyozidi mililita 100, kwa ajili ya ndege ya kurudi. Hapo dada yangu akatoka chumbani na doti ya kanga, mpya, haijakatwa. Hakusema neno. Aliikunjua yote mbele yetu, akaikung’uta kama anayeanua nguo kambani, akaikunja tena na kumpa mwanawe. Kanga ni shuka, ni taulo, ni pazia la behewani, ni mto, ni kibindo cha mwanamke. Sijui kifaa chochote cha madukani kinachofanya kazi nyingi hivyo kwa uzito mdogo hivyo. Lakini haikutolewa kwa sababu hiyo.

Bibi Salme binti Said alipotoroka Unguja mwaka 1866 katika manowari ya Kiingereza, aliacha majumba. Alifariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924, akazikwa Hamburg. Inasimuliwa kuwa katika vitu alivyoviacha mlikutwa kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja, na mchanga huo ukawekwa naye kaburini. Ninapowasikia vijana wakiulizana ni vitu gani vya kuacha ili begi liwe jepesi, namkumbuka yeye. Mchanga hauna kazi yoyote safarini, na ni mzito kwa kadiri yake. Wepesi wa begi, basi, haupatikani kwa kuondoa kila kisicho na kazi. Hupatikana kwa mtu kujua kila kilichomo, nani amekitia, na kwa nini amekubali kukibeba.

Mpwa wangu alirudi baada ya wiki tano, amekonda kidogo, begi lilelile mgongoni na kitanzi cha fundi hakijaguswa. Tangu hapo wamesafiri wengi kutoka mtaa ule, wa kwenda Muscat, wa kwenda Nairobi, wa kwenda Guangzhou. Dada yangu hakulizungumza tena jambo la yule mzee. Lakini siku hizi kukiwa na msafiri, yeye ndiye hutandika mkeka ukumbini, na vifurushi vya majirani huja vikiwa wazi, hakuna anayeuliza kwa nini, vikafungwa hapohapo kwa ugwe mbele ya kila mtu.